Mafuta ya Maombi Juu ya Injini

Kambini, South Carolina
22 Agosti 2004

Mama,

Shikamoo. Nisalimie Baba, na mchungaji wetu Ndugu Estill, na kina mama wote wa kanisani wanaoniombea. Mimi ni mzima, ila miguu imejaa malengelenge na sauti imekauka kwa kuitikia "ndiyo afande" kutwa. Chakula kipo, lakini unakimeza roho juu, afande amekusimamia kichwani. Juzi niliota maharage yako na mkate wa mahindi, nikaamka natafuna shuka. Simu haturuhusiwi mpaka tumalize mafunzo mwezi Novemba. Kwa hiyo ni barua tu, nazo zinakuja zinapotaka.

Sasa nisikilize vizuri. Siku naondoka, Baba alikohoa njia nzima mpaka stendi ya basi, akasema ni mafua. Mafua gani ya Agosti? Mtu ameshinda chini ya mlima akichimba makaa ya mawe tangu sijazaliwa, halafu mnaniambia mafua. Wewe husemi uongo, Mama, ndiyo maana nakuuliza wewe na sio yeye: kifua chake kikoje? Binamu Coy ananishikia nafasi pale mgodini, bado wanaandika watu. Ukiniambia Baba amezidiwa, naacha mafunzo, narudi, nashuka mgodini, nyumba ipate riziki. Neno lako moja linanitosha.

Halafu, lile gari langu msiliguse. Kifurushi cha bomba jipya la hewa kiko chini ya kitanda changu, na hapo kikae. Tuliahidiana mimi na Baba kwamba tutalifunga pamoja nikirudi.

Mwanao,
Jarrod

*

Lower Caney, Kentucky
3 Septemba 2004

Mwanangu Jarrod,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Barua yako imefika, nimeisoma nimesimama palepale kwenye sanduku la posta, gari la taka likanipigia honi nilipishe. Sisi hatujambo. Nyanya zimeshaisha shambani, maharage nimeyatunga kwenye uzi nikayaanika barazani. Ndugu Estill amehubiri juu ya Yona mpaka watoto wakalala. Shangazi yako Oma amenunua meno mapya, anacheka hata msibani.

Baba yako anakula. Jana amekula viazi vya kukaanga sahani mbili.

Sasa, mwanangu, usikasirike. Pikapu tumeiuza. Hatukuona haja ya magari mawili kwa watu wawili. Kwa hiyo tunatumia Mustang lako, naliendesha mimi polepole kama jeneza. Jumatatu likaanza kupiga chafya. Kufungua boneti, tukakuta kindi amelitoboa kasha la chujio la hewa na kuhamia humo na akiba yake yote ya kokwa. Nimezitoa kwa mikono yangu, karibu ndoo nzima. Kurudisha kifuniko, kikapasuka vipande viwili. Kasha jipya la kiwandani dukani hawana mpaka waagize, na sisi gari tunalihitaji.

Baba yako akasema, "Kalete kile kifurushi cha mtoto."

Nikamwambia, "Jarrod amekataza."

"Jarrod yuko jeshini anafundishwa kutii. Na wewe tii. Kalete."

Basi tumeanza. Ameketi kwenye kiti chake pale kwenye banda la gari, ananielekeza kwa fimbo kama mwalimu wa Jumapili. Mimi ndiye nimeinamia injini na sketi yangu ndefu na shungi langu. Ananiambia, "Funga hizo nywele, Nedra. Feni haijui kama umeokoka." Hapa nilipo nanuka grisi. Kasha la zamani limetoka, bado kufunga jipya.

Vipi kuogelea huko mafunzoni? Ulikuwa unaogopa maji. Hujasema lolote.

Mama yako akupendaye,
Nedra Sizemore

*

Kambini
14 Septemba 2004

Mama,

Shikamoo. Nafurahi maharage yamekauka vizuri, na mpe hongera Shangazi Oma.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila nikiisoma naona jambo lilelile. Kwa nini wewe ndiye umeshika spana? Baba hajawahi kuniachia mimi hata kumshikia tochi bila kuninyang'anya. Mwaka jana nilikaza nati moja ya tairi, akailegeza akaikaza upya mwenyewe mbele yangu. Leo amekaa kwenye kiti? Baba hakai, Mama. Hata kula anakula ameegemea karo la jikoni.

Nilikuuliza kifua, ukanijibu viazi.

Kama mmeshaanza basi malizeni vizuri. Toeni kwanza waya wa betri, ule mweusi. Ile sensa ya hewa, kile kidude kinachokaa kwenye bomba na kimeunganishwa na waya, mnaihamisha kutoka kwenye kasha la zamani mnaiweka kwenye bomba jipya. Msiiangushe, na msiingize kidole ndani yake, ina nyuzi nyembamba kuliko unywele. Klipu za mipira zikazwe mpaka zishike tu, si mpaka mpira ulie.

Nimeumia kuona mnafunga bila mimi. Basi, nimesema, yameisha.

Habari za bwawa usiniulize.

Jarrod

*

Lower Caney
26 Septemba 2004

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Huku majani yameanza kuwa mekundu juu mlimani, na asubuhi kuna ukungu mpaka kwenye ngazi. Ijumaa tumekuwa na mkesha, nawe umeombewa kwa jina. Nilikulilia kidogo, ila kwa furaha.

Kazi imekwisha! Ungeniona. Waya mweusi nilitoa kwanza kama ulivyosema. Sensa niliibeba kwenye kitambaa kama yai. Lile bomba la kung'aa lilikataa kabisa kuingia, nikalisukuma huku nikilikemea. Baba yako akasema, "Mke wangu, hilo ni bomba, sio pepo."

"Na wewe unajuaje?" nikamwambia. "Umeliona linavyonikatalia?"

"Lizungushe kidogo kwako. Kwako! Huko ni kwangu."

Nikalizungusha, likaingia kama limeitwa. Alicheka mpaka akashindwa, nikamletea maji.

Kisha lile chujio jekundu la pamba. Karatasi iliyokuja nalo inasema linafanya kazi kwa mafuta. Kwenye kifurushi hamkuwa na chupa ya mafuta, nimetafuta mpaka chini ya kitanda. Nikawaza, na mimi mafuta ninayo, tena bora kuliko ya dukani. Nikaenda kuchukua ile chupa ya mafuta ya zeituni aliyoiombea Ndugu Estill, ile tunayopaka wagonjwa kwenye paji la uso. Nimelipaka chujio lote kuzunguka, sikubania, nikilitaja jina la Yesu kwa kila safari gari hili litakayotupeleka na kuturudisha. Baba yako akauliza, "Unalibariki au unalikaanga?" Lakini alivua kofia nilipokuwa naomba. Nilimwona.

Tukaliwasha. Jarrod, lilinguruma! Mbwa wa Coy wameingia chini ya nyumba. Ndugu Estill kaniuliza kanisani, "Dada Nedra, ni wewe uliyekuwa unapanda bonde, au ni parapanda ya mwisho?" Baba yako ameniamuru niliwashe tena na tena, boneti ikiwa wazi, awe anasikiliza tu.

Sahani anamaliza. Usiku analala akiwa ameketi, anasema mgongo unapenda hivyo.

Mungu akulinde,
Mama

*

Lower Caney
5 Oktoba 2004

Jarrod,

Salamu kwa haraka, mwanangu, gari la posta linakaribia. Sote tupo.

Gari limetuharibikia. Lilianza siku moja ya mvua, likawa linakohoa ukikanyaga mafuta, na taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nikadhani ni unyevu. Jana tukiwa tunapanda mlima kwenda mjini Hazard, pale kwenye kona ya juu ambapo hakuna pa kuegesha, likazimika kabisa. Nikaliwasha, likashika, likafa. Nyuma yetu lori la makaa linakuja, na ukungu ulikuwa mzito. Niliwasha taa zote nikashuka na kitambaa changu cha kichwani nikawa nakipunga katikati ya barabara. Redio nilikuwa nimeizima ili niusikie mtungi, maana ulishaanza kupungua, na Baba yako alikuwa ananiambia niache makelele, watu wanatazama. Dereva wa lile lori alisimama, Mungu ambariki, akatubeba. Wameshalivuta gari mpaka nyumbani.

Fundi wa karibu hayupo mpaka mwisho wa mwezi. Na mimi Jumatatu ijayo lazima nivuke tena ule mlima. Coy atatupeleka safari hiyo, lakini kila wiki hataweza, ana zamu. Niambie nifanye nini. Niandikie kila kitu hatua kwa hatua, nitafanya mwenyewe. Nakuomba, jibu upesi.

Mama

*

Kambini
13 Oktoba 2004

Mama,

Kwanza gari. Ni yale mafuta. Chujio lile linakuja kutoka kiwandani limeshapakwa mafuta yake, kidogo sana. Ya kwako yalizidi, yakavutwa na hewa, yakaigandia sensa. Injini haijui tena inavuta hewa kiasi gani, ndiyo maana inakufa. Fanya hivi. Toa waya wa betri. Fungua skrubu mbili za sensa, itoe polepole. Mtume Coy mjini akanunue kopo la kupuliza la kusafishia sensa za hewa, aseme hivyohivyo, asikubali wamuuzie la breki. Puliza zile nyuzi kutoka mbali kidogo, usiziguse na kitu chochote, wala kitambaa, wala pumzi ya mdomo. Iache ikauke yenyewe. Chujio lioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya bomba, lianike kivulini mpaka likauke kabisa. Ukilirudisha usilipake kitu, wakati mwingine tutanunua mafuta yake. Liombee likiwa kavu. Mungu ataitikia tu.

Sasa la pili.

Mtungi gani, Mama?

Umeandika mwenyewe, "ili niusikie mtungi." Ng'ambo ya mlima ule kila wiki kuna nini zaidi ya hospitali? Pikapu imeuzwa kwa nini? Mtu analala ameketi kwa nini? Nimeshamwambia sajini kwamba huenda nikalazimika kuondoka. Akasema nilete barua kutoka nyumbani. Naisubiri. Na kama hutaniandikia, nitaondoka bila barua.

Jarrod

*

Hospitali, Hazard
20 Oktoba 2004

Mwanangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la kusubiria, Baba yako yuko ndani wanampima. Nyumbani nisingeweza, angeona kalamu.

Nimekuja na gari. Nimefanya yote uliyosema, na Coy alileta kopo sahihi. Lilipowaka nilipiga magoti palepale kwenye mchanga. Limepanda mlima bila hata chafya. Yale mafuta, Ndugu Estill amenisamehe, kasema hata yeye angeyapaka.

Mtungi ni wa hewa, mwanangu. Ana mpira puani usiku na mchana. Ulianza wiki ile ile uliyoondoka. Ni vumbi la makaa, limejaa mapafu yote mawili na halitoki. Daktari anasema anaweza kufika masika, au asifike. Pikapu tuliiuza kwa ajili ya mashine ya kumsaidia kupumua akilala, maana karatasi zake za fidia bado wanazibishania. Kiti ni kwa sababu akisimama anazama. Alipocheka siku ya bomba, nilikuambia nilimletea maji. Sio maji. Nilimfungulia mtungi mpaka mwisho, midomo ilikuwa ya bluu.

Ukiondoa hayo maji, sikukudanganya, Jarrod, lakini nilikunyima, na Mungu najua hatofautishi sana. Baba yako aliniapisha. Alisema, "Akijua atarudi. Akirudi atashuka. Sikulimeza vumbi lile lote ili na yeye aje alimeze." Nikamwambia mtoto ana haki. Akasema, "Ana haki ya kuwa na miaka hamsini akiwa anapumua." Nikaapa.

Sasa umejua. Barua aliyotaka sajini wako ndiyo hii, mwonyeshe. Sitakuambia baki, na sitakuambia njoo. Nimeomba nipewe neno la kukuambia, sijapewa.

Ila nitakuuliza swali moja, nawe usiniandikie viazi. Baba yako anasema wewe umekuwa ukitafuta mlango wa kutokea tangu barua ya kwanza. Mimi nilikutetea. Lakini kila nikikuuliza habari za maji unafunga mdomo. Je, unakuja kwa ajili yake, au unakimbia lile bwawa? Ukija kwa ajili yake, mlango uko wazi na kitanda kimetandikwa. Ukikimbia, utamfanya yeye awe sababu, na ataondoka duniani akijua hivyo.

Wananiita. Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Mama

*

Kambini
30 Oktoba 2004

Mama,

Shikamoo. Msalimie Baba. Leo namaanisha.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilikasirika sana, sio kwa ugonjwa, kwa lile swali. Nikaichukua nikaenda mpaka mlango wa ofisi ya sajini. Hapa ukitaka kuingia unaupiga ukuta kwa kiganja, kwa nguvu, halafu unajitaja. Nilinyanyua mkono. Nikasimama hivyo mpaka askari mwingine akaniuliza kama nimegandishwa.

Ni kweli, Mama. Nilizama mara mbili kwenye lile bwawa, na mara ya pili walinitoa kwa fito ndefu kama mzoga wa mbwa. Nimebakiwa na jaribio moja, nikishindwa wananirudisha nianze upya na kundi jipya. Kila usiku nilikuwa naomba ije barua ya kuniita nyumbani. Nilipoona neno mtungi, kabla sijaogopa, nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi. Sijui Mungu anaombwaje msamaha kwa jambo kama hilo.

Sikupiga ukuta. Alhamisi niliingia majini tena. Nilimeza maji, sikuangalia chini, nikafika ng'ambo. Sio vizuri. Nilifika tu.

Barua yako nimempa sajini baadaye, ili ajue. Kasema hali ikibadilika ghafla, mpeleke ujumbe kwa njia ya shirika la misaada, wataniachia siku hiyohiyo. Nitamaliza tarehe 19 Novemba. Mwambie Coy aiachilie ile nafasi, ampe mwingine, au bora asimpe mtu.

Baba asijaribu kuja kwenye gwaride. Safari ni ndefu na mitungi itakuwa mingi. Nitakuja mimi.

Usimfiche kwamba najua. Mpe hii aisome.

Jarrod

*

Lower Caney
8 Novemba 2004

Mwanangu,

Bwana asifiwe, tena asifiwe! Nimesoma habari ya maji nikapiga kelele mpaka Shangazi Oma akaacha chungu cha tufaha kikaungua. Majani yameshaanguka yote, sasa kutoka barazani unaona mpaka barabara kubwa.

Nilimpa Baba yako barua zote. Alizisoma akiwa ameketi kwenye kiti, mpira puani, akazikunja. Siku nzima na usiku wake nilipika, alikula, alinigeuzia mgongo. Nikasema moyoni, ndoa hii imevuka ajali za mgodini na mafuriko, inakuja kuvunjwa na bomba la gari.

Asubuhi yake akasema, "Nedra. Niletee kalamu."

"Ya nini?"

"Ya kuchimbia makaa. Niletee kalamu, mwanamke."

Hajaandika barua tangu tulipokuwa wachumba, na hata zile mbili hazikuwa na salamu. Amekataa nisome au nisahihishe. Anapumzika kila mstari. Namwachia ukurasa uliobaki, umsikie mwenyewe.

Mama yako

*

Jarrod

Sina hasira. Nilikuwa nayo imeisha.

Maji umeyavuka vizuri. Mimi sijui kuogelea mpaka leo na sikuwahi kukwambia.

Usije kabla hawajakuruhusu. Kama nitakuwepo nitakuwepo.

Gari linavuta vizuri. Sauti ni nzuri. Lakini mama yako alikaza kama anafunga mlango wa kuzimu, bolti moja ya kushikia bomba imekatika kichwa, ile ya ndani kabisa chini ya betri. Amekuficha hilo pia. Bomba linatikisika kidogo ukikanyaga mafuta. Coy alitaka kuja kuitoa nikamfukuza.

Inataka mikono minne. Miwili ninayo.

Baba